Kisiwa ambako watoto wanaondoka na miaka 15



Juma lililopita, tulipomaliza likelemba na kila mtu alikuwa anatafuta viatu vyake mlangoni, mama mmoja alinishika mkono akanivuta pembeni. Binti yake wa kwanza amemaliza chuo kikuu, anasema Kiingereza vizuri, na sasa ana neno moja tu kinywani: kwenda mbali kufundisha. Mama akaniuliza, "Wewe ulifundisha kule Japani, si ndiyo? Niambie ukweli. Nimwache aende, ao nimfunge miguu?" Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia nitamjibu kwenye ukurasa huu, kwa sababu najua si yeye peke yake anayelala na swali hilo.

Kwa wale wasionijua bado: nilizaliwa hapa Bukavu. Koko yangu, mama ya mama, alikuwa mtu wa Idjwi, na likizo za utoto wangu nilizipitisha kule kisiwani, kati ya migomba na maji. Nilipokuwa na miaka 11 wazazi walituchukua Canada. Kule ndiko nilijifunza Kiingereza, kwa machozi, nikiwa mkubwa kuliko wote darasani. Nilipomaliza chuo kikuu, nikiwa tayari na uraia wa Canada, niliandika ombi katika mpango unaoitwa JET. Serikali ya Japani iliuanzisha mwaka 1987 ili vijana wa nchi zingine waje kusaidia walimu wa lugha katika shule zao. Unaandika mahali unapotamani kwenda, lakini wao ndio wanaamua. Mimi niliandika mji mkubwa. Wakanipa kisiwa.

Visiwa vya Gotō viko magharibi kabisa ya Japani, katika jimbo la Nagasaki. Jina lenyewe maana yake ni visiwa vitano, lakini ukihesabu vyote, vikubwa na vidogo, vinapita 100. Kutoka mji wa Nagasaki mpaka Fukue, ambacho ni kikubwa kuliko vingine, meli ya kawaida inatumia zaidi ya saa 3. Kisha unashuka, unangoja, unapanda meli nyingine ndogo. Kisiwa changu sitakitaja. Watu wake ni wachache sana, na ukisema "yule mama wa samaki" kila mtu anajua ni nani. Na mimi leo nataka kuzungumza habari za yule mama wa samaki.

Nilifika mwezi wa 8 mwaka 2013, joto likiwa kali, na sanduku mbili. Nilipewa nyumba ndogo ya mbao karibu na bandari. Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango nikakuta matango matatu, biringanya mbili na tikiti, vimewekwa chini bila barua wala jina. Nikadhani mtu amesahau mzigo wake. Nilikaa siku mbili bila kuvigusa, nikiogopa kuitwa mwizi. Siku ya tatu jirani akanieleza kwa ishara kwamba ni vyangu. Kule mtu akiwa na mboga nyingi shambani, anapita kwenye milango. Hapo nikajisikia Idjwi kabisa.

Shule ya kati ilikuwa na wanafunzi 11. Shule ya msingi 17, na madarasa mawili yalikuwa yanakaa katika chumba kimoja na mwalimu mmoja. Kule Japani masomo ya lazima ni miaka 9, yaani 6 ya msingi na 3 ya kati. Baada ya hapo kuna mtihani wa kuingia shule ya sekondari ya juu, na mtoto anayetaka kuendelea lazima aufanye. Watoto wanavua viatu mlangoni, wanavaa viatu vingine vya ndani. Chakula cha mchana wanagawa wao wenyewe, wamevaa aproni nyeupe na kofia, na hakuna anayeanza kula mpaka wote wamepata. Kisha wanashika fagio na matambara na kusafisha shule nzima, hata vyoo, na mwalimu anapiga magoti anapangusa pamoja nao. Hata prefe (kule jina ni lingine, lakini kazi ni ileile) nilimwona na ndoo mkononi. Nilipompigia mama yangu simu na kumweleza hayo, akasema, "Sasa hao ndio tungepeleka kwao watoto wetu kwa likizo."

Kazi yangu ilikuwa kusimama pamoja na mwalimu Mjapani wa Kiingereza. Yeye anaeleza sarufi, mimi ninasoma, ninacheza, ninarudia, ninawasemesha watoto. Kwa kweli nilikuwa mdomo na masikio. Watoto walikuwa na haya ya ajabu. Mtu anajua jibu, unaliona machoni pake, lakini hawezi kulisema mbele ya wengine. Nilitumia miezi mingi nikipigana na ile haya, na kitu kilichonisaidia mwishowe ni Kiswahili! Sauti zetu za a, e, i, o, u ni karibu sawa na za kwao. Kiingereza kiliwavunja ulimi, lakini "jambo", "asante", "kitabu" walisema mara ya kwanza bila kosa. Na walipojua kwamba neno "nani" liko pia katika lugha yao, ila kwao maana yake ni "nini", darasa liliangua kicheko. Tangu siku hiyo nikipita njiani watoto wanapiga kelele, "Nani! Nani!" Kisha wakaanza kuthubutu na Kiingereza nacho.

Sitaficha upande mwingine. Katika ofisi moja niliulizwa, kwa adabu nyingi na kuinamiwa kichwa, kama Kiingereza changu ni "cha kweli", kwa sababu karatasi zilisema nimezaliwa Kongo. Nilijibu kwamba nimekipata mahali palepale ambapo mwenzangu aliyenitangulia alikipata, yaani darasani. Watoto wadogo walikuwa wakigusa mkono wangu kisha wanaangalia vidole vyao. Nywele zangu zilikuwa habari ya kisiwa chote. Hakukuwa na mtu wa kunisuka, ikabidi nijisuke mwenyewe usiku mbele ya kioo, mikono ikiniuma. Binti anayetaka kwenda ajifunze kujisuka kwanza. Ninasema kwa mzaha, lakini si mzaha.

Siku ya Jumapili nilikuwa na kimbilio. Wakristo walihamia Gotō tangu mwaka 1797, wakitoka ng'ambo ya Nagasaki, wakati ambapo dini yao ilikuwa imekatazwa. Walisali kwa kujificha, wakafundishana sala nyumbani, kizazi baada ya kizazi, bila padri, mpaka katazo lilipoondolewa mwaka 1873. Leo kuna makanisa madogo kwenye pembe za bahari, na wamama wazee bado wanafunika kichwa kwa kitambaa cheupe wakiingia. Sikuelewa mahubiri, lakini nilijua wakati wa kusimama na wakati wa kupiga magoti, na hiyo ilinitosha.

Sasa nije kwenye neno lenyewe.

Kisiwa kile ni cha wazee. Mwaka 1955 mji unaoitwa sasa Gotō, yaani Fukue na visiwa vidogo vya karibu, ulikuwa na watu zaidi ya 90,000. Mwaka 2015 hawakufika 40,000. Shule zinafungwa moja baada ya nyingine. Lakini wenyewe hawasemi "imefungwa". Mtoto wa mwisho akiondoka wanasema shule "inapumzika". Madirisha yanabaki na mapazia, saa iko ukutani, na mtu fulani anaendelea kufyeka majani ya uwanjani kama vile watoto watarudi Jumatatu.

Kwenye kisiwa chetu hapakuwa na shule baada ya ile ya kati. Kwa hiyo mtoto akifika miaka 15, anaondoka. Anaweza kwenda Fukue, ambako kuna sekondari na anaweza kurudi siku za mwisho wa juma ikiwa bahari imetulia. Ao anakwenda Nagasaki, na huko anaonekana kwenye sikukuu tu. Kila mama anayezaa kule anajua hesabu hiyo tangu siku ya kwanza: 15. Na mimi nilikuwa nafundisha somo moja kati ya masomo 5 ya mtihani ule. Mtoto akifanya vizuri, ninafurahi. Kisha ninakutana na mama yake dukani na sijui niweke wapi macho.

Mama wa samaki alikuwa jirani yangu, nyumba ya tatu. Kule pia mama anaitwa kwa jina la mtoto, sawa na sisi tunavyosema Mama Furaha ao Mama Espérance. Lakini hapa nitamwita Mama Jirani tu. Mume wake alikuwa mvuvi. Yeye mwenyewe alifanya kazi katika banda la kukaushia samaki, karibu na maji. Mwezi wa 9 ni majira ya samaki mmoja mwembamba mwenye mabawa, anayeruka juu ya mawimbi. Wanamchoma kwenye makaa, kisha wanamkausha mpaka anakuwa mgumu kama kijiti, na ndiye anatoa mchuzi wa supu yao yote. Harufu ile ilinirudisha moja kwa moja kwenye sambaza zetu zilizoanikwa juani. Siku ya kwanza nilisimama pale bandani na kulia kidogo, na Mama Jirani akadhani ni moshi.

Binti yake alikuwa mwaka wa mwisho wa shule ya kati. Mama aliniomba nimsaidie Kiingereza jioni, mara mbili kwa juma. Mkataba wangu ulinikataza kupokea pesa za kazi ya pembeni, kwa hiyo alinilipa kwa samaki. Tulikaa kwenye meza fupi yenye moto chini yake na blanketi juu yake. Katika kona alikaa mama-mkwe wake, mzee sana, ambaye akili yake ilikuwa imeshakwenda safari. Jioni nzima alikunja taulo. Akimaliza zote anazikunjua, anaanza tena. Alinisalimia kila mara kama mtu anayenijua tangu zamani, na pengine alikuwa ananichanganya na mtu mwingine. Binti alisimama mara mbili, mara tatu, kumpeleka chooni, kisha anarudi kwenye kitabu bila kusema neno. Nilimhadithia mama yangu kwenye simu habari ya zile taulo, tukacheka kidogo.

Mwezi wa 10 kuna siku ambapo mwalimu, mzazi na mtoto wanakaa pamoja watatu kuamua mtoto atafanya mtihani wa shule gani. Mbele ya siku hiyo Mama Jirani alikuja kwangu. Binti anataka Nagasaki. Baba anasema Fukue. Mama akaniambia, "Mwalimu, wewe unajua kuwa mbali. Mwambie habari ya kuwa mbali. Mwambie ile ya kulia." Kwa sababu nilikuwa nimemhadithia jinsi nilivyolia mwaka mzima kule Canada, katika choo cha shule, ili wenzangu wasinione.

Nilimjibu "hai". Neno hilo maana yake ni ndiyo. Lakini mtu akikaa kule anajifunza kwamba mara nyingi maana yake ni "nimesikia" tu, si "nitafanya". Siku ile mimi mwenyewe sikujua nimesema lipi.

Nilimwambia binti habari ya kulia. Kisha, kwa sababu alikuwa ananiangalia na macho makubwa, nikaendelea. Nikamwambia habari ya maktaba iliyokuwa wazi mpaka usiku, ya theluji ya kwanza, ya mwalimu aliyenipa kamusi yake mwenyewe, ya rafiki kutoka nchi nne. Nilijiambia kwamba ninasema ukweli wote. Na ukweli wote ulikuwa mtamu kuliko ile nusu niliyoombwa.

Mkutano ulipofika mimi sikuwamo, lakini mwalimu mwenzangu alinieleza. Binti aliulizwa, akasema, "Nagasaki." Akaulizwa kama haogopi upweke. Akajibu kwamba mwalimu wa Kiingereza amesema mtu analia mwaka mmoja tu, kisha inapita. Mama yake aliinamisha kichwa, akamshukuru mwalimu kwa kazi yake, akasema watafikiri nyumbani.

Tangu jioni hiyo samaki walikoma.

Hakunitukana. Hakunisema vibaya kwa mtu. Nikipita aliinama na kusalimu kama kawaida, kiasi kilekile, wala zaidi wala pungufu. Lakini mlangoni hakukuwa na kitu. Siku ya kwanza, ya pili, juma la pili. Kwenye kisiwa cha namna ile kimya kinasikika kuliko kelele. Mama wa dukani alianza kuniwekea mkate pembeni, kwa huruma, na hapo nikajua kisiwa chote kinajua. Kila saa 11 jioni vipaza sauti vya kijiji vinapiga muziki mfupi wa kuwaambia watoto warudi nyumbani. Nilikuwa nausikia nikiwa peke yangu jikoni, na ulinikata moyo.

Nilimpigia mama yangu. Nilimweleza yote, nikitegemea aseme nimefanya vizuri kumtetea mtoto. Yeye ndiye aliyetutoa Bukavu ili tusome, sivyo? Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja, "Na yule koko wa taulo, mtoto akienda, atabaki na nani?"

Wamama, nilinyamaza. Mama yangu hajawahi kukanyaga Japani. Lakini kutoka Canada aliiona nyumba ile kuliko mimi niliyekaa ndani yake mara mbili kila juma. Niliona mtoto akisimama mara tatu, na sikuhesabu ile kuwa ni kazi. Niliona ni tabia njema.

Akaendelea, "Hujui bado. Siku tulipoondoka, koko yako alivuka kutoka Idjwi kutuaga. Baada ya sisi kwenda hakurudi kisiwani siku tatu. Aliniambia kwenye simu kwamba ni kwa sababu ya mawimbi. Hakukuwa na mawimbi." Halafu akasema, "Nenda ukaombe msamaha. Na usipeleke maneno mengi."

Nilinunua Fukue sanduku la keki ndogo, limefungwa vizuri kwa karatasi, kwa sababu kule hata msamaha una karatasi yake. Nilimkuta bandani. Nilishika sanduku kwa mikono miwili, nikainama, nikasema maneno niliyoyakariri kwenye meli. Alilipokea, akaliweka kwenye rafu. Kisha akanipa aproni, glavu na kisu, akanionyesha beseni la samaki.

Tulifanya kazi karibu saa nzima bila kusema. Alianza yeye, bila kuniangalia. Mume yuko baharini usiku. Yeye anatoka hapa giza limeshaingia. Anayemlisha mzee jioni ni mtoto, anayemwogesha ni mtoto. Na mashine ya mtumbwi wao bado hawajamaliza kuilipa, na chumba cha mwanafunzi kule Nagasaki kina bei yake kila mwezi, pamoja na chakula. "Mambo kama haya hayasemwi mbele ya mwalimu," akasema.

Nikamwuliza kwa nini basi hakumwambia mtoto mwenyewe. Akaacha kisu.

"Nikimwambia, atabaki. Sitaki abaki kwa sababu hiyo. Nilitaka abaki kwa sababu nyingine yoyote."

Hapo ndipo nilielewa alichoniomba. Aliniomba nimpe mtoto sababu ya kuazima, ile ya upweke, ili asione ile ya kweli. Mpaka leo sijui kama ningekubali kama ningejua. Kuna siku ninafikiri ndiyo.

Masomo ya jioni yaliendelea. Samaki walirudi. Mimi sikusema neno kwa binti, kwa kuwa halikuwa langu. Mwezi wa 12 nilimpa zoezi kama nilivyowapa wote: andika kwa Kiingereza mistari kumi juu ya mipango yako. Alifunika daftari kwa mkono alipoandika. Aliandika kwamba atakwenda Fukue. Kwamba Jumamosi atachukua meli ya asubuhi ili amwogeshe koko yake, na Jumapili atachukua ya mchana. Kwamba baada ya miaka 3 atakwenda Nagasaki kujifunza uuguzi, na kwamba wakati ule mashine itakuwa imelipwa. Alijua hata mwezi ambao deni litaisha. Alikuwa ameshapiga hesabu yote, peke yake, huku sisi watu wazima tunafichana.

Nilisahihisha vitenzi, wakati uliopita na ujao. Sikugusa kitu kingine.

Mama yake alikuwa ameingia na chai. Hakujua Kiingereza. Aliona uso wangu, akaniuliza, "Ameandika nini?" Nilimwangalia binti. Binti aliangalia meza, kisha akatikisa kichwa kukubali. Nikasoma kwa Kijapani changu kibovu, mstari kwa mstari. Mama Jirani alisikiliza amesimama na sinia mkononi. Nilipomaliza alikwenda jikoni, tukasikia maji ya bomba yanatoka, yanatoka, muda mrefu kuliko inavyohitajika kuosha vikombe vitatu. Mzee alikuwa anakunja taulo zake.

Binti alifaulu mtihani wa Fukue. Meli ya watoto iliondoka mwisho wa mwezi wa 3. Kule wana desturi ya karatasi: walioko juu ya meli wanashika upande mmoja wa utepe mrefu wa rangi, walioko bandarini wanashika upande mwingine, meli inapoondoka tepe zinakunjuka, zinavutika, mpaka zinakatika. Kisiwa chote kilikuja. Waliondoka watoto wanne mwaka ule, pamoja na walimu wawili waliohamishwa, kwa kuwa serikali inawahamisha walimu kila baada ya miaka michache. Mama Jirani alimleta mama-mkwe kwenye kiti cha magurudumu na kumpa yeye ndiye ashike utepe wa mjukuu wake, wa kijani. Ulipokatika, wengine waliachia. Mzee hakuachia. Alikwenda nao nyumbani, na siku nzima alikuwa anaukunja na kuukunjua.

Baada ya mwaka mmoja na zaidi nami niliondoka, nikashika utepe wangu. Nilirudi hapa Bukavu kwa ajili ya mama, ambaye alitaka kuzeeka nyumbani. Binti yule leo ni muuguzi. Mwaka mpya kila mara ninapokea picha kwenye simu, na moja ya majira ya samaki.

Sasa mama uliyenishika mkono, mambo ya karatasi ni haya, nayasema haraka. Mpango niliopita mimi unapokea mtu kwa uraia wake, kupitia ubalozi wa Japani wa nchi ambayo ni raia wake, na nchi zinazoshiriki ziko kwenye orodha yao. Waangalie orodha kwanza. Wanataka diploma ya chuo kikuu. Mkataba ni wa mwaka mmoja, unaweza kurudishwa mpaka miaka 5. Kuandika ombi hakulipiwi. Mtu yeyote mjini anayekuomba dola "za kufungua dosie" ya mpango huo, mfukuze na ufagio. Kuna pia kampuni zinazotafuta walimu, na hapo mikataba inatofautiana sana. Msome kila ukurasa mbele ya kutia sahihi, hasa habari ya nyumba, tiketi ya ndeke na miezi ya likizo, kama inalipwa ao hapana.

Habari ya kumfunga miguu ao kumwacha, hiyo siwezi kuijibu kwenye karatasi. Jumatano niko nyumbani kuanzia saa 8 mchana. Njoo na binti. Na umlete pia yule mdogo wake, yule anayekuja kila juma kukupokea kwenye likelemba akiwa na mtoto mgongoni. Yeye sijasikia bado amesema nini.